Miguu Iliyofungwa

Mmewaona watoto wale wanaotembea juu ya ncha za vidole, magoti yakisuguana, mkono mmoja umeshika fimbo. Wengine wenu mnao nyumbani. Tumeombwa mara nyingi tuandike habari zao, nasi tumekawia. Tungeweza kusingizia kazi, maana mwalimu hakosi madaftari ya kusahihisha, lakini kweli ni kwamba tuliona haya. Mmoja wa watoto hao ni wa nyumba yetu, na katika habari yake kuna mahali ambapo sisi wenyewe hatuonekani vizuri.

Sisi tunafundisha shule ya msingi katika kijiji cha milimani, upande wa Mwenga, Kivu ya Kusini. Binti huyo ni mtoto wa dada yetu, naye alikuwa na miaka 7 wakati wa kiangazi cha mwaka 2008. Alikuwa mtoto mwepesi, mwenye kelele nyingi. Jioni ya siku ile aliteka maji mara mbili, akaruka kamba na wenzake mpaka giza likaingia, akala ugali kwa sombe kidogo, akalala. Asubuhi mama yake alimwita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto akajibu, «Mama, miguu inatetemeka.» Akasimama, akaanguka. Akajaribu tena akishika ukuta, akaanguka tena. Hakuwa na homa. Ukimgusa mguu alisikia, na haja zake alizijua mwenyewe, na akili yake ilikuwa timamu. Ila miguu ilikuwa imekaza kama michi ya kinu, yote miwili sawasawa, na ukijaribu kulikunja goti lilikukatalia.

Baada ya majuma mawili mvulana wa jirani alipatwa vile vile. Kisha mama mmoja kijana. Kisha dada wawili wa nyumba moja.

Mnajua mambo ya kijiji. Mtu akianguka kutoka juu ya mti na kuvunjika mguu, hakuna anayeuliza neno. Lakini mtoto aliyeruka kamba jioni na kushindwa kusimama asubuhi, watu humtafutia mwenye kosa. Ng'ambo ya kijito alikaa bibi mmoja mjane pamoja na mjukuu wake yatima. Siku moja kabla ya ugonjwa alikuwa amempa binti yetu ndizi ya kuchoma. Hiyo ilikuwa alama ya kwanza. Alama ya pili ilikuwa nzito zaidi. Katika nyumba zinazozunguka kijito kile, karibu kila moja ilikuwa na mgonjwa au na mtoto anayelalamika miguu, lakini mjukuu wa bibi, mtoto mkondefu asiye na baba wala mama, alikimbia pale kama mwana-mbuzi. «Mbona kwake hakuingii kitu?» watu waliuliza. Sisi tulisikia swali hilo, tukaona lina maana.

Sisi, tunaofundisha katekisimu! Hatukumpiga yule bibi, wala hatukumtukana. Tulifanya jambo la heshima, ndivyo tulivyofikiri. Tulimwendea jioni, tukasimama nje ya mlango wake, tukamwambia, «Bibi, tafadhali, kwa ajili ya amani usipite tena uani kwa dada yetu.» Akatutazama kidogo. Akajibu, «Sawa, Mwalimu.» Lakini kijijini neno la mwalimu si neno la mtu mmoja. Baada ya siku tatu hakuna mwanamke aliyekubali kutwanga pamoja naye, na kabla ya mwezi kwisha alijitwika mkeka wake, akamshika mjukuu mkono, akaenda kukaa kwa mtoto wa kaka yake, mwendo wa siku nzima.

Mtoto wetu tulimpeleka kwanza kwa mfumu, tusifiche, tukatoa kuku wawili. Kisha tukampeleka kwenye dispensari moja, wakasema ni polio, wakamchoma sindano siku kumi. Tukauza migomba ya mbele ya nyumba ili kulipa. Hakuna kilichobadilika, wala kwa kuku wala kwa sindano.

Mwisho wa mwaka ule akapita daktari mmoja, Mkongo kama sisi, aliyekuwa akizunguka vijijini kuwahesabu wagonjwa wa namna hiyo. Alikuwa na nyundo ndogo ya mpira. Akampigapiga mtoto chini ya goti, taratibu kabisa, na mguu ukaruka juu kwa nguvu mpaka dada yetu akashtuka. Akapiga wa pili, nao ukaruka vile vile. Akampapasa mgongo, akaona ni mzima. Akamsimamisha, akamshika mikono, akatazama jinsi anavyotembea. Kisha akasema, «Mama, hii si polio. Mguu wa polio hulegea, tena mara nyingi mmoja huumia kuliko mwenzake. Hii imekaza, na yote miwili ni sawa.» Halafu akauliza swali lililotuudhi sana. Tulitegemea aulize habari za damu, au za chanjo. Yeye aliuliza habari za jikoni.

«Mihogo yenu mnailowesha usiku ngapi?»

Dada yetu alitazama chini. «Mmoja, Daktari.»

Hapo ndipo tulipolisikia jina la konzo. Ni neno la Wayaka wa Kwango, huko magharibi ya nchi yetu, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa huo wa Kwango mwaka 1938. Basi ulikuwa umekwisha kuandikwa kitabuni miaka 70 kabla ya kumwangusha binti yetu! Mwaka 1981, wakati wa ukame mkubwa, ulitokea Msumbiji katika jimbo la Nampula. Watu 1,102 walihesabiwa, wengi wao wakina mama na watoto, nao wenyeji waliuita mantakassa. Mswedi Hans Rosling alikuwa daktari huko Nacala siku zile, naye pamoja na Julie Cliff na wenzao walifuata nyayo za ugonjwa nyumba kwa nyumba mpaka wakafika kwenye kinu cha unga. Mwaka 1985 ulionekana Tanzania, wilaya ya Tarime, nako ulikuwa mwaka wa njaa. Na sisi wa Kivu hatukubaki nyuma: mwaka 2011 madaktari waliandika kwamba konzo imetokea Burhinyi, katika nchi iliyochoshwa na vita. Popote ilipoonekana imefuata watu wa namna moja. Ni maskini wa shamba, wanaokula muhogo mchungu karibu peke yake, na wakati wao ni wa dhiki.

Yafaa tueleze jambo hili kwa utaratibu, maana wengi huogopa wakisikia kwamba chakula cha baba zetu kina sumu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika katika karne ya 16. Ni mmea wenye hekima ya kujilinda. Ndani yake umeweka kitu kiitwacho linamarini. Kikikaa peke yake hakina fujo, lakini muhogo ukisagwa au ukioza, kitu hicho hukutana na kingine kilichowekwa chumba cha pili, ndipo hutoka hewa yenye sumu, sianidi. Panya na nguruwe wa mwitu wanaijua, ndiyo sababu huacha muhogo mchungu na kushambulia mtamu. Wezi nao vivyo hivyo, kwa maana huwezi kuung'oa na kuutafuna njiani. Kwa hiyo katika miaka ya vita watu wengi walipanda mchungu, nasi pia.

Bibi zetu walijua kuitoa sumu hiyo bila kujua jina lake. Ukilowesha mihogo usiku tatu au nne, inalainika, vyumba vile vinapasuka, sumu inatoka na kwenda na maji na hewa. Sombe ni vivyo hivyo: hakuna mama anayeipika bila kuitwanga, na akiulizwa sababu atasema tu kwamba ndivyo sombe inavyopikwa. Lakini ukilowesha usiku mmoja na kuanika na kutwanga, unga ni mweupe, unapendeza macho, na sumu nyingi imebaki ndani. Moto wa kusonga ugali hauimalizi.

Sumu kidogo mwili unaweza kuizima. Kwa kazi hiyo mwili unatumia salfa, inayotoka katika nyama, samaki na mayai, na kwa kiasi kidogo katika maharagi. Mtu anayekula ugali wake na ndagala anapona pale mwenziwe anapoanguka. Mwenye kula ugali wenye sumu, asubuhi na jioni, majuma mengi, pamoja na majani tu, siku moja mishipa inayopeleka amri ya kichwa mpaka miguuni huumia. Huumia ghafula, kwa siku moja au chache, kisha ugonjwa hauendelei mbele wala haurudi nyuma. Mtoto anayenyonya bado hapatwi. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliopita miaka 3 na wakina mama wenye umri wa kuzaa. Tena hauambukizi. Twasema neno hilo mara mbili kwa ajili ya wale wanaokataa mtoto wao kukaa benchi moja na mwenye konzo: hauambukizi.

Sasa mtauliza, kwa nini wakina mama waliojua usiku nne walilowesha usiku mmoja? Huko Kwango wachunguzi walijibiwa wazi. Barabara ya lami ilipofika, magari ya Kinshasa yakaja kununua mihogo, na mwenye kuuza upesi ndiye aliyepata fedha, basi usiku tatu zikawa mmoja. Kwetu hakukuwa na lami. Kulikuwa na watu wenye bunduki. Mihogo iliyoachwa dimbwini usiku nne haikukutwa asubuhi ya tano. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuliwa na hao hao, na ndagala wa ziwa walikuwa ghali. Hayo tuliyasema mbele ya daktari kwa sauti kubwa, nayo ni kweli.

Neno moja hatukulisema mbele yake. Siku zile wazazi ndio waliolipa posho ya walimu, na mwenye kukusanya alikuwa sisi. Kila Jumatatu tulisoma majina ya watoto wasiolipa, mbele ya darasa zima, tukawarudisha nyumbani. Soko la unga lilikuwa Jumamosi. Hesabu ninyi wenyewe. Mama anayepata habari Jumatatu kwamba mtoto amefukuzwa, ang'oe, amenye, aloweshe, aanike, atwange, na auze Jumamosi. Usiku nne atazitoa wapi? Tena unga uliosalia, ule usiouzwa, ndio uliopikwa nyumbani. Dada yetu alikuwa mmoja wa wakina mama hao. Jina la binti yake tulilisoma pia, ili tusionekane tunapendelea.

Na bibi wa ng'ambo? Bibi hakuwa na mtoto shuleni, wala hakuuza unga. Mihogo yake aliiweka katika kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba, akailinda mwenyewe na fimbo, usiku nne kamili, na wanawake walimcheka kwa sababu ya harufu. Mjukuu wake alitega panya wa shamba na kuvua visamaki vya kijito, wakala pamoja. Ndiyo sababu hakuingia kitu katika nyumba yake. Alama ile iliyotutosha kumshitaki ilikuwa dawa, imewekwa mbele ya macho ya kijiji kizima, nasi tuliifukuza kwa adabu.

Tulikwenda kumtafuta. Tulimkuta anapembua mahindi. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi njiani, na mengine yalikuwa mazuri, lakini yote yalitutoka. Tukasema tu kwamba tumekosa, na kwamba tumekuja kumwomba arudi. Aliendelea kupembua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, «Mwalimu, mimi niliwalowesha hivyo wale mihogo kwa sababu mama yangu alinifundisha hivyo. Mngaliniuliza, ningaliwaambia.» Hakurudi kukaa. Alikubali kuja siku mbili tu, akawaonyesha wakina mama mahali pa kuchimba vidimbwi karibu na nyumba, ili kila mmoja aweze kulinda wake. Sasa amekwisha kufariki. Mjukuu wake ni dereva wa pikipiki, hutupitia mara nyingine, naye hutuamkia vizuri kuliko tunavyostahili.

Lakini kulinda kidimbwi usiku nne si jambo linalowezekana kila mwaka. Kwa ajili hiyo twataka sana msome sehemu hii, tena mwisomee wakina mama wasiosoma. Huko Australia mtaalamu mmoja, Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha nchi ile, alitafuta njia ya kutoa sumu katika unga uliokwisha kutwangwa. Kwanza aliwapa wachunguzi karatasi ndogo ya manjano inayogeuka rangi ya udongo palipo na sumu, ili unga uweze kupimwa hata kijijini pasipo na umeme. Shirika la Afya la Dunia lasema milligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga ndiyo mwisho. Halafu akaonyesha jambo jepesi mpaka watu wakadhani ni mchezo.

Mimina unga katika beseni, usawazishe juu, upige mstari ndani ya beseni pale unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka chini ya mstari, kisha kwa kadiri unavyoongeza maji utapanda tena. Ukifika mstarini, acha. Tandaza unga huo wenye maji juu ya mkeka safi, uwe mwembamba, usipite unene wa kidole kimoja kidogo. Uuache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Ndivyo vile vitu viwili vinavyokutana tena, na hewa ya sumu inakwenda zake. Kisha songa ugali wako siku ile ile, maana unga wenye maji haukai. Sumu inapungua mara tatu au zaidi. Hakuna cha kununua isipokuwa beseni na mkeka, na hivyo mnavyo. Wakina mama wengine husema ugali huo ni mtamu zaidi, kwa kuwa uchungu umetoka. Wa kwetu walisema hivyo tangu siku ya kwanza, nasi tumeonja, ni kweli.

Jambo hili lilijaribiwa hapa kwetu Kongo, katika kijiji cha Kay Kalenge upande wa Popokabaka, mwaka 2010 na 2011. Kiongozi alikuwa Jean-Pierre Banea, mwenzetu wa Kongo, aliyeitumikia kazi ya lishe ya taifa miaka mingi. Kijiji kile kilikuwa na wagonjwa 34 wa konzo. Wakina mama walifundishwa njia ya beseni, wakaitumia, na katika muda ule hakuanguka mtu mpya. Wale 34 hawakupona, maana konzo haina dawa ya kuifungua. Lakini mtoto wa 35 hakupatikana.

Wale waliokwisha kufungwa ndio waliobaki mikononi mwetu. Tungependa kusema kwamba binti wa dada yetu alirudi shuleni mara moja. Sivyo. Alikaa uani karibu mwaka mzima. Mwanzoni alitambaa. Mjomba mmoja alimchongea fimbo mbili za mpera, ndefu mno, tukazikata. Daktari yule alikuwa amemwonyesha mama yake kazi ya kila siku: kumlaza mtoto, kushika kisigino na kukivuta chini taratibu, kuhesabu polepole, kuachia, kurudia, asubuhi na jioni. Kazi hiyo haileti nguvu mpya, ila inazuia mshipa wa kisigino usijikunje. Wapo watoto ambao mshipa huo umejikunja kabisa, nao waweza kusaidiwa kwa kupasuliwa hospitalini, ili unyayo ukanyage chini. Nyumba za walemavu, kama ile ya Heri Kwetu iliyojulikana Bukavu miaka mingi, zimewafundisha wazazi wengi mambo haya. Msidanganyike kwamba ni kazi ya masista na madaktari tu. Kisigino cha mtoto kinavutwa na mama yake, juu ya mkeka wa nyumbani, au hakivutwi.

Tena si kila mtoto mwenye miguu mikaidi ana konzo, nasi tusije tukaanza kuona konzo kila mahali kama tulivyoona uchawi. Yuko aliyekosa hewa siku ya kuzaliwa, naye huchelewa kushika shingo na kukaa. Yuko aliyepata malaria ya kichwa. Yuko wa polio. Daktari huuliza kwanza: alizaliwa hivi, au alikuwa akitembea? Alianguka siku moja, au alidhoofika polepole? Basi mzazi ashike vizuri moyoni siku na namna ugonjwa ulivyoanza, aseme bila kuongeza. Habari hiyo daktari hawezi kuipata mahali pengine.

Aliporudi darasani, tuliona jambo jingine. Mwaka 2013 Michael Boivin wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, pamoja na Désiré Tshala-Katumbay, bingwa Mkongo wa magonjwa ya ubongo na mishipa, walitoa habari za watoto waliowapima huko Kahemba. Waliwapima kumbukumbu, na wepesi wa mikono, na namna ya kutengeneza mafumbo. Watoto wenye konzo walipata shida kuliko wengine. Hilo wengi walilitazamia. Lakini watoto wazima wa vijiji vile vile, wasio na alama miguuni, wanaokimbia na kucheza, nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Unga ule ulikuwa umewagusa bila kuwaangusha.

Tulisoma habari hiyo usiku, kwa taa, tukakumbuka darasa letu la mwaka 2008. Walikuwako watoto waliosahau somo la jana kana kwamba hawakuwapo. Tuliwaita wavivu, na wawili tuliwapigisha magoti nje karibu kila juma. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ulikuwa unga. Wengine labda walikuwa wavivu kweli, maana wavivu wako. Lakini tangu siku ile mtoto akisahau mara nyingi, swali letu la kwanza ni kuhusu alichokula.

Binti alimaliza darasa la sita akiwa mkubwa kuliko wenzake, akiandika polepole, mwandiko wa kupendeza. Wenzake walimwiga anavyotembea, naye siku moja akampiga mmoja kwa fimbo, tukajifanya hatukuona. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi hailipishwi, nasi hatusomi tena majina Jumatatu. Hiyo ilichelewa kwake.

Leo amepita miaka 20, ana fimbo moja badala ya mbili, ana cherehani, ana mume, ana mtoto wa kiume wa miaka 4. Tangu mwaka 2025 vita imewafukuza tena watu wengi wa Kivu, na wengine wamepita kijijini kwetu, nao wanang'oa mihogo usiku na kuipika kesho yake, kama tulivyofanya sisi. Yeye huwaita uani kwake. Hawaelezi habari za linamarini. Anapiga mstari wa makaa ndani ya beseni, anatia maji, anakoroga, anawaambia watazame unga ukishuka na kupanda. Mtoto wake amewekwa mlinzi wa mkeka, kwa ajili ya kuku. Juzi tulipita karibu mno tukizungumza na watu, akatuvuta suruali: «Babu Mwalimu, ondoa mguu. Bado saa moja.»